Mashine Inayompimia Mtoto Hadithi



Wazazi wa kata ya Kituntu wanatuuliza swali moja mara kwa mara tunapokutana kwenye madarasa ya watu wazima. Wanasema: "Mwalimu, tumesikia kuna mchezo wa kwenye simu. Mtoto anasikiliza hadithi, anacheza, na simu yenyewe inajua kama ameelewa au bado. Eti ni kweli? Na kama ni kweli, tununue?"

Swali hili si la mzaha. Simu janja moja inaweza kumeza fedha nyingi za kahawa. Tena upande wa pili yuko mtoto, ambaye akifika darasa la tatu hajui kusoma, masomo mengine yote yanampita kama upepo. Kwa hiyo tusijibu harakaharaka. Tueleze kwanza kitu chenyewe ni nini, kinafanyaje kazi, na pale kilipojaribiwa hapa nchini kilileta matokeo gani.

JAMBO LENYEWE SI GENI

Mtazameni bibi anaposimulia hadithi jioni, wakati ndizi ziko jikoni zinaiva. Mbele yake wako watoto wanne. Mmoja ana miaka minne, mwingine ana kumi. Akifika mahali Fisi anaponyemelea, yule mdogo akashtuka, bibi anaipunguza sauti. Yule mkubwa akianza kupiga miayo, bibi anamtupia swali: "Hivi wewe ungekuwa Sungura, ungefanyaje?" Mwingine hakulielewa neno moja la Kiswahili, basi bibi analisema kwa Kinyambo kisha anaendelea. Hadithi ni ile ile, lakini kila mtoto amepewa kipande cha kumtosha.

Sisi wa elimu ya watu wazima nasi tulilifanya jambo hili zamani. Mwaka 1968 Serikali na UNESCO walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya kando ya Ziwa Viktoria, makao yake yakiwa Mwanza. Mkoa wetu, ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi, ulikuwamo. Mradi ule uliandika vitabu kwa kufuata kazi za watu. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba. Mkulima wa ndizi alipewa kitabu cha ndizi. Mvuvi naye alisoma habari za uvuvi. Kisha katika mtihani wa taifa wa mwaka 1975 wanakisomo walipangwa katika hatua nne, ili anayeanza asichanganywe na anayeandika barua.

Kwa hiyo mambo ni mawili. La kwanza, somo lifanane na maisha ya mtu. La pili, uzito wa somo ulingane na nguvu zake.

Lakini kitabu kina kikomo. Kikishapigwa chapa hakibadiliki. Na mwalimu naye ana kikomo. Mwenye watoto themanini au mia katika chumba kimoja hawezi kumjua kila mmoja amekwama kwenye herufi gani asubuhi ya leo. Bibi anaweza, maana watoto wake ni wanne. Mashine tunayoizungumza imetengenezwa ili ijaribu kufanya kazi ya bibi kwa watoto wengi kwa mara moja.

MASHINE INAFANYAJE?

Ufundi huu unaitwa akili mnemba. Wengine husema akili bandia. Jina lisiwatishe. Ndani ya kile chombo hakuna mtu, wala hakuna pepo. Kuna hesabu tu, nyingi sana na za haraka sana.

Tuchukue mfano wa watoto wawili wa darasa la pili. Mmoja tumwite Koku, mwingine tumwite Rwegasira. Wote wanafungua mchezo mmoja, kila mmoja kwa zamu yake. Katika mchezo huo Sungura anataka kuvuka mto apeleke ndizi sokoni. Kivukoni yupo Mamba. Mamba hamvushi mtu mpaka achague neno lililoandikwa sawasawa.

Mamba anamtamkia Koku neno "baba". Koku anagusa neno "baba". Vizuri. Anatamka "kuku", Koku anapata tena, na upesi. Sasa Mamba anatamka "mbuzi". Kwenye kioo yako maneno matatu: buzi, muzi, mbuzi. Koku anagusa "buzi". Mashine haimgombezi. Inampa "mbegu", naye anagusa "begu".

Hapo mashine imeshapata habari. Herufi moja moja Koku anazijua. Palipomshinda ni pale herufi mbili zinapoandamana, yaani "mb". Basi hadithi inapinda kidogo. Mamba anasema mtumbwi umetoboka, na Sungura lazima kwanza akusanye mbao. Njiani atapita kwenye mboga, kwenye mbegu, na kwa jirani mwenye mbuzi. Koku anaona ni safari tu ya Sungura. Kumbe anafundishwa "mb" mara kumi bila kuambiwa kwamba amekosea mara mbili.

Rwegasira yeye alipita maneno yale yote bila kukwama. Kwake mtumbwi haukutoboka. Mamba alimpa sentensi nzima asome: "Mbuzi wa jirani amekula mbegu zetu." Jioni watoto hawa wakisimuliana, kila mmoja atasema alicheza mchezo wa Sungura na Mamba, na wote watakuwa wamesema kweli.

Sasa tuseme wazi jambo moja ambalo wauzaji wa vyombo hivi hawalisemi sana. Mashine haioni kilichomo kichwani mwa mtoto. Inakisia. Tuseme mwanzoni inakisia kwamba, kati ya watoto kumi wanaojibu kama Koku, watano wanaijua "mb". Koku akijibu sawa, inapandisha mpaka saba. Akijibu sawa tena, tisa. Akikosea, inashusha. Makisio yakifika juu ya kiwango walichokiweka watengenezaji, inamruhusu kwenda mbele. Mashine nzuri huhesabu na bahati pia, maana kwenye maneno matatu hata asiyejua kitu anaweza kupata mara moja katika tatu. Huhesabu vilevile kuteleza kwa kidole, kwa sababu hata anayejua hukosea.

Makisio haya yanasaidia, lakini yanadanganyika kirahisi. Kaka wa darasa la sita akichukua simu akacheza kwa jina la Koku, kesho mashine itampa Koku kazi ya darasa la sita. Koku akiiacha hadithi katikati akaenda kufukuza mbuzi mgombani, mashine yaweza kudhani amekwama kwenye neno. Kama hakula tangu asubuhi, mashine haitajua kamwe. Bibi angejua kwa kumtazama usoni.

YALIYOFANYIKA TANGA

Haya si maneno ya kusikia kutoka nchi za mbali. Jaribio mojawapo kubwa la namna hii lilifanyika hapa hapa Tanzania, mkoani Tanga.

Mwaka 2014 shirika moja la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza shindano. Tajiri Elon Musk ndiye aliyetoa fedha za zawadi, dola milioni 15. Sharti lilikuwa hili: tengenezeni programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, hata pale ambapo mwalimu hayupo. Kishikwambi mnakijua. Ni vile vioo vipana walivyobeba makarani wa sensa mwaka 2022, ambavyo baadaye Serikali iligawa kwa walimu.

Timu karibu 200 kutoka nchi mbalimbali zilijiandikisha. Mwaka 2017 zilibaki tano. Programu za timu hizo tano zilitiwa kwenye vishikwambi, zikiwa kwa Kiswahili, zikapelekwa Tanga kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170. UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na Serikali yetu walishirikiana katika kazi hiyo. Vijijini ziliwekwa sola za kuchajia. Intaneti haikuhitajika, kwa sababu kila kitu kilikuwa ndani ya kishikwambi chenyewe. Liwekeni akilini jambo hilo, tutalirudia kwenye habari ya bando.

Kabla ya kuanza, watoto walipimwa. Katika kila watoto 100, inasemekana 74 hawakuwahi kusoma shule. Wapatao 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Zaidi ya 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Watoto walikaa na vishikwambi miezi 15. Walipopimwa tena, idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya kwanza ikatolewa kwa timu mbili zilizolingana, kila moja dola milioni 5. Moja ni Kitkit School, iliyotengenezwa na watu wenye asili ya Korea ya Kusini wanaofanya kazi Marekani. Nyingine ni onebillion ya Uingereza.

Timu hizi zilifanya kazi kwa njia tofauti. Kitkit School iliegemea sana kwenye michezo. onebillion ilimpanga mtoto mahali pake, ikampa kipimo cha kila siku. Timu nyingine iliyofika kwenye tano bora, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, iliweka mashine inayomsikiliza mtoto akisoma hadithi kwa sauti, ikifuata neno kwa neno kuona kama ametamka sawa. Jaribu kufikiri ugumu wake. Mtoto anasoma, jogoo anawika, wenzake wanacheka, na Kiswahili chake kina lafudhi ya kwao. Mwalimu masikio yake yameshazoea. Mashine ilibidi ifundishwe hata hayo.

Sasa, sisi tunayaonaje matokeo ya Tanga? Tunayaona ni makubwa. Mtoto ambaye hajaona ubao wala chaki, kusoma neno lake la kwanza akiwa chini ya mwembe, hilo si jambo dogo. Lakini tuisome hesabu yote, tusisome nusu yake. Waliobaki hawajui kusoma bado walikuwa wengi, hata baada ya miezi 15. Na kusoma neno si sawa na kusoma barua ukaielewa. Wanakisomo mnajua wenyewe umbali uliopo kati ya hatua ya kwanza na hatua ya nne.

Nchini Malawi wameifuata njia nyingine kidogo. Vishikwambi vyenye programu ya onebillion vinatumika shuleni. Watoto huingia kwa zamu, na mtu mzima anawasimamia. Mtoto akitoka pale anarudi darasani kwa mwalimu wake. Kwa maoni yetu njia hii ndiyo inayofaa zaidi mahali kama Kituntu, ambako shule ipo na mwalimu yupo, ila watoto ni wengi kuliko macho yake.

MASHINE INAYOTUNGA HADITHI

Mpaka hapa tumezungumza mashine inayochagua. Hadithi zake zilitungwa na watu, wasomaji wa Kiswahili wakazipitia, kisha mashine inachagua ipi imfuate Koku. Tangu mwisho wa mwaka 2022 imeenea mashine ya namna nyingine. Hiyo inatunga yenyewe. Unaiandikia: "Nitungie hadithi fupi ya mtoto Koku wa Kituntu anayependa senene, utumie maneno yenye mb." Kabla hujamaliza kupiga chafya, hadithi iko mbele yako, na Koku yumo.

Mtoto akisikia jina lake na kijiji chake ndani ya hadithi, masikio yanasimama. Hilo ni kweli, na ni jambo la kufurahisha. Lakini hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa macho kuliko pale pa kwanza.

Mashine hii ilijifunza kwa kupitishiwa maandishi mengi mno, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Kiswahili ni kidogo. Kinyambo ni kama hakuna. Inachofanya ni kukisia neno gani hufuata neno gani. Kwa hiyo inapofika mahali isipopajua hainyamazi kama mtu mwenye haya. Inajaza. Yaweza kuandika kwamba senene huvunwa shambani kwa jembe. Yaweza kumfanya Koku amenye ndizi ya kupika, aile mbichi, aseme tamu. Yaweza kuweka theluji kwenye vilima vya Karagwe. Na yote hayo itayaandika kwa Kiswahili kizuri chenye nukta na mkato mahali pake, bila kusitasita.

Mtu mzima atacheka. Mtoto wa miaka saba hatacheka, ataamini. Ndiyo maana hadithi iliyotungwa na mashine isimfikie mtoto kabla mtu mzima hajaisoma. Na hapa, ndugu wanakisomo, ninyi si watu wa pembeni. Anayejua senene ni nini na anajua kusoma, huyo ndiye anayeweza kuisahihisha. Mhandisi wa ng'ambo hawezi.

Tena kuna njia ya kuigeuza kazi hii. Badala ya kuiachia mashine itunge, bibi asimulie yeye, mjukuu aandike, kisha mashine iombwe tu kuigawa hadithi ile katika sentensi fupi kwa anayeanza na ndefu kwa aliyeendelea. Hapo hadithi inabaki ya kwetu. Mashine inakuwa kama fundi cherehani: kitambaa ni chako, yeye anakata kwa kipimo. Hata hivyo, akishakata, mjaribishe nguo kwanza. Soma sentensi zote uone kama hakuongeza lake.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Turudi kwenye swali la kununua. Kwanza uliza kama mchezo unafanya kazi bila intaneti. Kama vile vya Tanga vilivyofanya, upo mchezo unaokaa ndani ya simu, ukishawekwa umewekwa. Upo mwingine unaokula bando kila unapofunguliwa, na ile mashine inayotunga hadithi kwa kawaida iko upande huu. Mwenye kununua bando la siku kwa shida asianze na huo.

Pili, uliza kama kila mtoto anaweza kufungua kwa jina lake au kwa picha yake. Nyumba yenye simu moja na watoto wanne, mchezo usiotenganisha watoto hautampimia mtu. Utapima mchanganyiko.

Tatu, uliza wanachukua habari gani za mtoto. Michezo mingine huomba jina, umri, na hata sauti yake. Bunge letu lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika mwaka 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya habari za mtu aseme anazikusanyia nini. Mchezo unaotaka namba ya simu ya mama, mahali anapokaa mtoto na picha yake, na wote ni kwa ajili ya kumfundisha "mb", huo tunausitasitia.

Asiye na simu janja asidhani ameachwa. Tangu mwaka 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kimekuwa kikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Kipo na kile cha wadogo zaidi, Akili and Me, chenye msichana wa miaka minne anayeitwa Akili. Watengenezaji hao waliwahi kuweka njia ya mtoto kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe wa simu ya kawaida, hii tunayoiita kitochi, na mhusika wa katuni akamrudishia jibu la kumtia moyo. Katuni haimpimii kila mtoto kama kishikwambi kinavyopima. Lakini mzazi akikaa karibu, akasimamisha maneno kwa swali kama bibi, kipimo kinaingia.

Na ukishaupata mchezo, usiamini nyota na makofi yanayopigwa kwenye kioo. Mtoto anaweza kuizoea picha asijue neno. Kipimo kipo, na hakina gharama. Baada ya wiki mbili, zima simu, iweke kando. Chukua daftari lako la kisomo. Andika kwa mkono wako mwenyewe maneno matano ambayo mchezo unasema mtoto anayajua, bila picha: mbuzi, mbegu, mbao, mboga, mbali. Kisha ongeza moja ambalo hakukutana nalo mle, kama mbuyu au mbio. Mpe asome, nawe ufuatishe kwa kidole. Akilisoma hilo la sita, herufi zimeingia. Akikwama, mweleze mwalimu wake neno alilokwamia, na kesho yake rudieni.